Lubumbashi: Flamboyant katika lupango dogo, uzuri unaopasua ukuta

Mvua zimeanza mjini Lubumbashi. Jakaranda, zilizotangulia kuchanua tangu mwezi wa tisa, zimekwisha kumwaga maua yake ya zambarau kwenye avenue, na sasa ni zamu ya flamboyant kuwaka mekundu. Ndicho kipindi ambacho wakaaji wengi hutafuta miche. Wauzaji wameipanga kando ya barabara katika vifuko vyeusi vya plastiki, na anayepita huona mche usiozidi urefu wa mkono, akaukumbuka ule mti mkubwa wa katikati ya mji, akanunua.

Hapo ndipo shida huanza. Jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini, flamboyant ulitoka Madagascar, na miti hiyo ilipandwa hapa wakati mji ungali unaitwa Élisabethville, kwenye avenue pana na viwanja vikubwa. Lupango la mita 15 kwa 20, lenye nyumba, jiko la nje, kisima na choo, ni jambo lingine kabisa.

Mama mkubwa wangu, anayekaa komini ya Katuba, alipanda flamboyant mita mbili tu kutoka ukuta, mwaka alipozaliwa mjukuu wake wa kwanza. Mtoto alipomaliza shule ya msingi, mti ulikuwa umepita bati na kivuli chake kilifika kwa jirani. Wote tuliusifu. Kisha saruji ya baraza ikainuka, ukuta ukapata ufa wa kupitisha vidole, na jirani akaja pamoja na chifu wa kartie. Mama mkubwa alilipa fundi, akalipa matofali, akalipa na vijana waliokata mti. Siku hiyo alikaa ndani, hakutaka kuona.

Mizizi ya flamboyant haichimbi sana kwenda chini. Mingi husambaa karibu na uso wa udongo, na matawi yake hupanuka kama mwavuli, mara nyingi kupita urefu wa mti wenyewe. Kwetu ukame huchukua karibu nusu ya mwaka, kwa hiyo mizizi hufuata unyevu popote ulipo, kwenye shimo la choo au bomba linalovuja. Asiye na nafasi ya mita 10 kutoka nyumba, ukuta na nyaya za umeme, auache mti huu. Uwanja wa shule au wa kanisa unaufaa zaidi.

Na kama tayari unao karibu na ukuta? Usikimbilie kukata mizizi ya upande mmoja. Mti uliopoteza mizizi upande mmoja unaweza kuangushwa na upepo wa mvua kubwa, na hapo bati la nani litaumia hujui. Punguza matawi kidogo kidogo, na kwa mti mkubwa mwite mtu anayeijua kazi hiyo.

Kwa lupango dogo, mimi ningechagua franjipani. Ni mti mfupi, mizizi yake haisumbui ukuta, na harufu ya maua yake jioni hufika hadi barabarani. Haihitaji hata kununuliwa. Mwishoni mwa kiangazi, wakati mti hauna majani, omba kwa jirani tawi la urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi na ni hatari machoni, kwa hiyo watoto wakae mbali. Liache kivulini wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke, kisha lichomeke katika udongo uliochanganywa na mchanga. Wengi huliua kwa huruma: wanamwaga maji kila siku, tawi linaoza.

Bauhinia, ule mti ambao jani lake linafanana na kwato ya ng'ombe, nao unafaa ukipewa mita chache. Anayetaka kufunika ukuta apande bugenvilia na kuikata mara kwa mara. Miiba yake humfanya mwizi afikiri mara mbili.

Mche ulio katika kifuko upandwe sasa, mvua zinapokolea, ili mizizi ishike kabla hazijakatika mwezi wa nne. Chimba shimo pana kuliko kifuko, changanya udongo na samadi iliyooza, na uzungushie miti au matofali, maana mbuzi wa mtaani hawana adabu. Mchwa pia, kwa mji uliojengwa katikati ya vichuguu kama wetu, ni adui. Kagua shina kila mara na usirundike majani makavu juu yake.

Mtihani wenyewe ni kiangazi cha kwanza. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi huuma, kisha mwezi wa nane na wa tisa jua linakausha kila kitu. Bidoni moja ya lita 20 kwa wiki, ikimwagwa polepole jioni, inaweza kuuokoa mche wa bauhinia au bugenvilia. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi yasiende huko.

Pale ulipokuwa flamboyant, mama mkubwa alichomeka tawi la franjipani. Lilipokaa wakati wote wa baridi bila jani, wajukuu walimwambia limekufa, walitoe. Alikataa. Juma hili lina maua matano.