KUPIMA KASI NA MAKOSA YA HUDUMA ZA KOMPYUTA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanafahamishwa kuwa huduma nyingi zinazotolewa kwa kompyuta hutegemea programu zaidi ya moja. Karani anapohakiki kitambulisho au malipo, programu iliyo mbele yake hupeleka ombi kwa programu nyingine kupitia kiunganishi, kisha husubiri jibu. Kiunganishi hicho kikizorota, foleni hurefuka dirishani ingawa karani hana kosa.

Kwa sababu hiyo, mambo mawili hupimwa mfululizo: muda unaopita tangu ombi kupelekwa hadi jibu kupokelewa, na idadi ya maombi yanayorudi na kosa katika kila mia.

Wastani pekee hautoshi. Katika maombi 100, ikiwa 95 yamejibiwa kwa sekunde 0.2 na 5 kwa sekunde 12, wastani ni sekunde 0.79. Hesabu hiyo hupendeza katika ripoti, lakini huwaficha watu 5 waliokaa wakingoja. Hivyo, maombi yaliyochelewa zaidi huangaliwa peke yake. Aidha, kosa linaweza kurudi upesi kuliko jibu sahihi. Kasi ikaonekana imeongezeka, kumbe huduma imekatika. Vipimo viwili hivyo havina budi kusomwa pamoja.

Nchini Marekani, tovuti ya bima ya afya ya HealthCare.gov, iliyotegemea taarifa za idara kadhaa, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Siku hiyo watu 6 tu walikamilisha kujiandikisha. Miongoni mwa kazi za mwanzo za mafundi walioitwa kuiokoa ilikuwa kuweka vipimo ambavyo havikuwapo. Kufikia mwanzo wa Desemba, muda wa kujibu ulishuka kutoka sekunde 8 hadi chini ya sekunde 1, na makosa kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 1.

Fundisho lake ni kwamba vipimo vichukuliwe kabla ya programu kubadilishwa, si baada ya malalamiko. Toleo jipya lipewe kwanza maombi machache. Likizidisha muda au makosa, la zamani lirejeshwe. Ulinganisho uwe wa saa na siku zinazofanana: asubuhi ya Jumatatu isilinganishwe na mchana wa Ijumaa.

Wananchi nao wanaombwa, wanapotoa taarifa ya hitilafu, wataje saa ilipotokea na namba ya kosa iliyoonekana. Kauli ya kuwa kompyuta imekwama, bila ya maelezo hayo, haimwonyeshi fundi pa kuanzia.