Saba Saba: Tarehe Moja, Kumbukumbu Nyingi

Aghalabu matukio makuu ya kihistoria hukutana katika siku moja ya kalenda, nasi tukayaita sadfa. Makala haya yanaangazia tarehe 7 Julai, maarufu kama Saba Saba, ili kuonyesha kile ambacho tarehe hiyo inamdai mwanafunzi wa Kiswahili.

Tuanze na jina lenyewe. Kwa umbo, Saba Saba hufanana na uradidi wa maneno kama polepole na sawasawa. Kimaana, sivyo: saba ya kwanza ni siku, ya pili ni mwezi. Kanuni iyo hiyo ndiyo iliyozaa Nane Nane, sikukuu ya wakulima nchini Tanzania.

Mnamo 7 Julai 1954, chama cha TANU kiliasisiwa jijini Dar es Salaam chini ya uongozi wa Julius Nyerere. Kiswahili ndicho kilichokiwezesha kuzifikia jamii zenye lugha zaidi ya 100, hadi uhuru ukapatikana mwaka 1961. Mnamo 1965, TANU ikawa chama pekee Tanzania Bara.

Nchini Kenya, tarehe hiyo ina sura tofauti kabisa. Tangu 1982, kifungu cha 2A cha katiba kilikuwa kimeifanya KANU kuwa chama pekee. Mwaka 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano wa 7 Julai katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi. Serikali iliupiga marufuku na kuwatia kizuizini siku chache kabla. Wananchi walijitokeza hata hivyo. Ghasia zikazuka na watu wasiopungua 20 wakapoteza maisha. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991. Kwa hivyo, siku ambayo Tanzania ilizaa chama kilichokuja kutawala peke yake ndiyo siku ambayo Wakenya waliukataa mfumo kama huo.

Aidha, Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaotaka Kiswahili kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano mapana, ulianza kutekelezwa 7 Julai 2000. Hatimaye, mnamo 23 Novemba 2021, UNESCO iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hapa hapana sadfa: tarehe iliteuliwa kuienzi siku ile ya 1954.

Hapo ndipo penye changamoto kwetu wanafunzi wa Kiswahili, hapa Machakos na kwingineko nchini. Siku tunayoghani mashairi na kuigiza ndiyo siku ambayo Wakenya wengine huomboleza. Mwaka 2025, maandamano ya kuadhimisha miaka 35 ya Saba Saba yaligharimu maisha ya watu zaidi ya 30. Haifai kuchagua kumbukumbu moja na kuitupa nyingine. Ikiwa Kiswahili kinasifiwa kwa kuwa lugha ya ukombozi, basi hakiwezi kuwa bubu kuhusu Kamukunji. Sherehe zetu za kila 7 Julai na ziwape nafasi waliokufa, kwa lugha ile ile tunayoisherehekea.