Pesa za Fundi Zilinunua Nini? Fanya Simu Yako Iwe Daftari la Servisi ya Gari

Ni Jumamosi asubuhi, gari liko gereji na boneti iko juu. Fundi anapangusa mikono, anakuja anakwambia: "Boss, pedi zimeisha na oili imekuwa nyeusi kabisa. Nitumie elfu tisa nikimbie dukani." Unatoa simu, unatuma. Jioni unaondoka na gari lako ukiwa umeridhika. Miezi miwili baadaye unasikia mkwaruzo tena, na hapo ndipo swali linakuja: zile elfu tisa zilinunua nini hasa?

Hii tunaisikia sana. Wenye magari wakikutana, iwe ni kwenye kundi la WhatsApp au wakisubiri gari lioshwe, mazungumzo ni yale yale: fundi mzuri ni nani, spea halisi zinapatikana wapi, na bei ya haki ni ngapi. Ni mazungumzo mazuri, na yameokoa pesa za wengi. Lakini kuna jambo moja huwa linasahaulika. Ukiulizwa leo pedi zako zilibadilishwa lini, gari likiwa na kilomita ngapi, una jibu?

Leo tunataka kukuonyesha jinsi simu unayolipia inavyoweza kuwa daftari la servisi. Huhitaji programu mpya wala kulipia kitu. Unahitaji mpangilio tu.

Kisa cha Probox ya watu wawili

Mwenzetu mmoja hapa ofisini anamiliki Toyota Probox pamoja na kaka yake. Katikati ya wiki kaka hulitumia kubeba mboga sokoni, na wikendi dada huenda nalo nyumbani Murang'a kumwona mama. Walikubaliana tangu mwanzo: gharama zote ni nusu kwa nusu.

Mwaka jana breki zilianza kulia. Dada akanunua pedi, fundi akazifunga, kaka akamrudishia nusu ya pesa. Wiki saba baadaye, dada akiwa anashuka mteremko na mama ameketi kando yake, breki zikakwaruza tena. Walifika salama, lakini mama hakusema neno mpaka gari likasimama.

Jioni hiyo dada alimpigia fundi simu kwa hasira. Alimwambia waziwazi kwamba amemwibia, kwamba hakufunga pedi mpya. Kaka naye akaanza kujiuliza kimoyomoyo: je, hizo pedi zilinunuliwa kweli? Mbona yeye alitoa nusu bila kuona risiti?

Kilichowaokoa ni ujumbe wa malipo. Dada alikuwa amelipa dukani moja kwa moja, kwa nambari ya till, katika duka la spea Kirinyaga Road. Ujumbe ulikuwa na tarehe, jina la duka na nambari ya muamala. Alipoliuliza duka, wakatafuta mauzo ya siku hiyo na kumwambia: seti moja ya pedi, za mbele. Akarudi kwenye WhatsApp, akapanda juu hadi siku ya kazi, akakuta maneno ya fundi ambayo hakuwa ameyasoma kwa makini: "Madam, za mbele nimebadilisha. Za nyuma nazo ziko karibu kuisha, tupange mwisho wa mwezi."

Probox hutumia pedi mbele, lakini breki zake za nyuma zimefungiwa ndani ya drami na zina spea zake tofauti. Mkwaruzo ulikuwa unatoka nyuma. Fundi hakuwa ameiba chochote. Alikuwa ameonya.

Dada alimpigia tena, safari hii kuomba msamaha. Fundi hakuwa na mengi. "Sawa madam. Lete gari."

Bila rekodi ile, fundi mwaminifu angepoteza mteja na jina, ndugu wawili wangebaki wakitiliana shaka, na breki za nyuma zingeendelea kuisha huku kila mtu akimlaumu mwenzake.

Stetimenti inajua nini, na haijui nini

Kila unapolipa kwa simu, malipo yanaacha alama: ulilipa nani, kiasi gani, siku gani, saa ngapi. Hata ukifuta jumbe zako au simu ipotee, bado unaweza kuomba stetimenti ya akaunti yako.

Lakini stetimenti ina mipaka. Inajua ulilipa duka shilingi 4,500. Haijui kama ulinunua pedi, plagi au betri. Inajua ulimtumia fundi 1,500. Haijui gari lilikuwa limetembea kilomita ngapi. Hiyo sehemu ya pili ni kazi yako, na inachukua dakika mbili.

Hatua 5 za kulipia matengenezo

*1. Tenganisha spea na kazi.* Ukimtumia fundi elfu tisa kwa jumla, hutajua kamwe spea ilikuwa ngapi na ufundi ulikuwa ngapi. Mwambie akupe bei mbili. Spea, lipa dukani mwenyewe kwa till, hata kama fundi ndiye amesimama kaunta: anakutumia nambari, unalipa ukiwa ofisini. Kazi, mlipe fundi kivyake. Si vibaya fundi kupata chake kwa kukutafutia spea, ila kiwe wazi.

*2. Soma jina kabla ya kukubali.* Jina la duka likijitokeza kwenye simu, lilinganishe na lile lililoandikwa ukutani au kwenye risiti. Kama duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu usiyemjua, simama kwanza, uliza. Sekunde tano za kusoma ni rahisi kuliko siku tatu za kufuatilia pesa.

*3. Usilipe kazi yote kabla haijafanyika.* Malipo ya spea mbele ni sawa, kwa sababu duka halikopeshi. Malipo ya ufundi, mkubaliane: sehemu mkianza, na iliyobaki ukishaendesha gari na kusikia tofauti. Fundi anayejiamini hatakataa, na wewe ukishasikia breki zimeshika vizuri, usimzungushe. Mlipe hapo hapo.

*4. Omba spea ya zamani.* Pedi iliyoisha, plagi, filta: mwambie fundi akuwekee kwenye mfuko. Piga picha ya zamani na mpya zikiwa pamoja, na boksi la spea mpya lenye nambari yake. Picha hiyo pamoja na ujumbe wa malipo vinatosha kumaliza ubishi mwingi.

*5. Andika jioni hiyo hiyo.* Usisubiri kesho. Jitumie ujumbe au fungua sehemu ya kuandika maelezo kwenye simu, uandike mstari mmoja: tarehe, kilomita zilizo kwenye dashibodi, kilichofanywa, duka, fundi, nambari ya muamala. Mfano: "Machi 14. Km 142,300. Pedi za mbele. Spea 4,500, kazi 1,500. Fundi anasema za nyuma zinakaribia." Hayo maneno ya mwisho usiyaache nje. Ndiyo yaliyomponza mwenzetu.

Kilomita ndizo saa ya gari

Kwa nini tunasisitiza kilomita? Kwa sababu gari halizeeki kwa kalenda peke yake. Mtu anayetoka Rongai kwenda mjini kila siku na yule anayeendesha Jumapili tu hawawezi kufuata ratiba moja.

Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, lakini haya ndiyo wenye magari wengi huyafuata:

- Oili ya injini ya kawaida hubadilishwa kila kilomita 5,000 hivi, pamoja na filta yake. Oili ya sinthetiki inaweza kwenda hadi 10,000. Ukiandika aina ya oili uliyotumia, hutachanganya hesabu.
- Pedi za breki hazina kilomita maalumu. Anayeshinda kwenye foleni humaliza mapema kuliko wa barabara kuu. Zikaguliwe kila servisi.
- Tairi ina umri wake hata kama bado ina meno. Ubavuni tafuta tarakimu 4 mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2 za kwanza ni wiki, 2 za mwisho ni mwaka. Ukiona 2319, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Angalia kabla ya kulipa, hasa ukiambiwa ni "mpya".
- Maji ya rejeta yakaguliwe injini ikiwa baridi. Kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa moto.

Magari mengi ya Kenya yamefika hapa kutoka Japani yakiwa tayari yametumika, na wengi wetu tuliyanunua bila historia kamili. Historia ya kule huwezi kuibadilisha. Ya hapa, wewe ndiye mwandishi. Siku ya kuuza ikifika, mnunuzi ataona logibuku kisha atauliza, "Limekuwa likifanyiwa servisi?" Jibu lenye tarehe na kilomita lina uzito kuliko kuapa.

Hesabu ndogo: gari lako linakula ngapi kwa siku?

Ukishakuwa na rekodi, unaweza kufanya kitu ambacho wengi hawafanyi: kuweka akiba kabla gari halijaharibika. Hebu tuchukue mfano. Bei hizi ni za kielelezo tu, weka zako.

Servisi ya oili ni 7,500 kila kilomita 5,000. Hiyo ni shilingi 1.50 kwa kila kilomita. Tairi 4 ni 32,000 na zinakaa kilomita 40,000, yaani senti 80 kwa kilomita. Pedi ni 4,500 kwa kilomita 30,000, yaani senti 15. Jumla ni shilingi 2.45 kwa kila kilomita unayoendesha.

Kama unaendesha kilomita 40 kwa siku, zidisha: ni shilingi 98. Haifiki hata mia moja. Ukiweka mia moja kando kwenye akiba ya simu kila siku unayoendesha, servisi haitakukuta mwisho wa mwezi ukikopa. Kama gari ni la watu wawili kama ile Probox, ni hamsini kila mmoja, na kila mtu anaona mwenzake ameweka.

Jihadhari na haya

*"Nitumie kwa namba hii nyingine."* Ukipokea ujumbe kwamba gari liko tayari na utume pesa kwa nambari usiyoijua, mpigie fundi kwa nambari yake ya kawaida kwanza. Matapeli wanajua kwamba mtu anayesubiri gari lake huwa na haraka.

*Ujumbe wa kuonyeshwa.* Hii ni ya mafundi na wenye maduka. Usiachilie gari wala spea kwa sababu mteja amekuonyesha ujumbe kwenye simu yake. Ujumbe unaweza kutungwa. Angalia salio lako au ujumbe uliofika kwako mwenyewe.

*Umetuma kwa nambari isiyo sahihi?* Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja uombe kurudishiwa. Na kama wewe ndiye umepokea pesa usizozitarajia, usizitume kwa nambari yoyote unayopigiwa ukaambiwa. Acha urejeshaji upitie kwetu.

*PIN haiulizwi na mtu.* Si fundi, si duka, si mfanyakazi wetu. Hata kama mikono yako ina grisi, usimpe mtu simu akubonyezee.

Anza na servisi ijayo

Huna haja ya kurudi nyuma miaka mitatu. Leo jioni, ukiegesha gari, angalia kilomita kwenye dashibodi uziandike. Kisha pitia stetimenti yako ya miezi michache iliyopita, utafute malipo ya fundi na ya spea, uandike kando ya kila moja unachokumbuka. Utashangaa ni ngapi hukumbuki. Hizo ndizo zitakazokufundisha umuhimu wa kuandika.

Na kama una fundi mzuri, mwaminifu, anayekuambia "za nyuma nazo zinakaribia" hata kabla hujauliza, mlipe kwa wakati, na mwandike. Rekodi nzuri inakulinda wewe, na inamlinda yeye pia.

Una njia yako ya kufuatilia gharama za gari? Tuandikie utuambie, huenda ikamsaidia mwenye gari mwingine. Safari njema, na breki ziwe sawa!