Shilingi ya Mpangaji wa Port Bell

Mvua kubwa ikinyesha Kampala, sisi wa Port Bell, bandari ya Luzira, hunyeshewa mara mbili. Ya kwanza hutoka mawinguni. Ya pili huja baadaye, imeshuka na mfereji wa Nakivubo: imepita kando ya soko la Owino, ikakata eneo la viwanda, ikaingia kwenye kinamasi cha kati ya Bugolobi na Luzira, ndipo ikatokea kwetu, ghuba ya Murchison. Nimesimama mwaloni nikitazama inavyoleta: kandambili za mguu mmoja, chupa za soda, kaveera (mifuko ya plastiki), kichwa cha mwanasesere, na juu ya vyote utando mweusi wa mafuta unaoganda kwenye mbao za mitumbwi na kuwachafua miguu wanaopakua mkaa.

Ndiyo maana nikitaka kujua mradi fulani wa jiji umefika wapi, sihangaiki na jiwe la msingi. Nashuka mwaloni.

Lakini tuulizane kwanza nani analipa. Kodi ya majengo Kampala ni 6% ya thamani ya jengo kwa mwaka, na thamani hiyo hukadiriwa kutokana na pango baada ya kutoa gharama za mwenye nyumba. Nyumba anayoishi mwenyewe ilisamehewa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2006. Zimebaki za biashara na za kupangisha, na huku kwetu za kupangisha ni mizigo, vyumba vilivyopangana kwa safu, choo kimoja uani. Chukua safu ya vyumba 10, kila kimoja shilingi 100,000 kwa mwezi. Tuseme baada ya makato inabaki thamani ya milioni 9. Kodi yake ni 540,000 kwa mwaka, yaani 54,000 kwa kila chumba, 4,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba haitoi mfukoni mwake. Anaipachika kwenye pango. Anayelipa basi ni mama muuza mukene, dagaa wa ziwani, wa chumba cha nne, ambaye jina lake halimo kwenye daftari la jiji na hajapata kuona risiti. Walipa kodi wakitajwa mikutanoni, hakuna anayemkumbuka, na yeye mwenyewe hajui kwamba ni mmoja wao. Jambo hili linaniuma kuliko mashimo yote ya barabarani.

Kodi ya kichwa iliyoondolewa mwaka 2005 ilichukiwa, na kwa haki, maana wanaume walikuwa wakikimbizwa alfajiri kwa sababu yake. Hata hivyo aliyeilipa alikuwa na tiketi mfukoni, na alijua anachodai.

Sheria ya kodi ya majengo yenyewe haina ubaya. Inataka si chini ya 75% ya makusanyo yaende kwenye huduma za wakazi wa eneo: barabara, taa, mitaro ya kuzuia malaria, uzoaji taka, mipango miji. Mimi nalishika hilo neno eneo. Nani hapa Luzira ameonyeshwa hesabu ya Luzira?

Tuangalie majitaka. Bugolobi umejengwa mtambo mpya wa kuyasafisha, uwezo wake mita za ujazo 45,000 kwa siku. Ni kazi nzuri na naisifu kwa moyo wote. Ila mtambo husafisha kile kilichofikishwa na bomba, na mabomba yamefika kwa sehemu ndogo tu ya nyumba za Kampala. Wengi wetu tuna vyoo vya shimo. Mvua ikizidi, shimo linajaa, linafurika, na uchafu wake unafuata mtaro hadi kinamasini. Huko zamani mafunjo yaliuchuja uchafu bila kumdai mtu senti. Utafiti wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wa mwaka 1999 ulikadiria kuwa kinamasi cha Nakivubo kina faida inayofikia dola milioni 1.75 kwa mwaka. Leo sehemu kubwa ya mafunjo imefyekwa, pamepandwa magimbi na miwa.

Na ghuba inayopokea yote hayo ndiyo inayochotwa maji ya kunywa pale Ggaba. Maji yakichafuka, dawa ya kuyasafisha inaongezeka. Hiyo ni sababu mojawapo ya shirika la maji kwenda hadi Katosi, Mukono, kujenga mtambo mwingine wa mita za ujazo 160,000 kwa siku. Gharama za namna hiyo haziishii makaratasini. Sehemu yake hurudi kwenye bei ya maji, na mama wa chumba cha nne anailipa tena, jerikeni kwa jerikeni.

Uzoaji taka, nao umo kwenye orodha ile ya sheria, ni msiba unaojulikana. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, lililotumika tangu 1996, liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Mwezi uliofuata mkurugenzi mtendaji wa KCCA, mamlaka ya jiji, alifutwa kazi. Kujaa kwa jalala hilo kulikuwa kumesemwa kwa miaka.

Barabara nazo zina kisa chake. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, msomi na mchora katuni, aliwaalika wananchi waonyeshe picha za mashimo ya barabara zao. Picha zikamiminika, na Rais Museveni akaagiza KCCA ipewe shilingi bilioni 6. Nilifurahi kama wengine. Baadaye nikafikiri juu ya vichochoro vyetu vya kushukia ziwani, ambako hapiti mtu mwenye simu nzuri. Fedha iliyotoka kwa sababu ya aibu haina ratiba, na shimo lisilopigwa picha linabaki lilivyo.

Ninachoomba ni karatasi moja. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Julai, ibandikwe mlangoni kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, kwa Kiluganda na Kiswahili, maana mwaloni na kwenye kambi za magereza Kiswahili kinasikika kila siku: kodi ya majengo iliyokusanywa Luzira ni kiasi gani, na mtaro upi, taa ipi, safari ngapi za gari la taka zimelipiwa nayo. Mama wa chumba cha nne atasimama hapo na karai lake la mukene kichwani, aitafute ile 4,500 yake.