Jivu la Turkana lililowagombanisha wapima mawe

Ukiambiwa fuvu fulani lina miaka milioni mbili, swali la kawaida la mtu wa mtaa ni: nani alihesabu?

Mara nyingi jibu linaanzia Berkeley, Marekani. Miaka ya 1950, Garniss Curtis na Jack Evernden walianza kupima umri wa mawe katika Chuo Kikuu cha California. Mawe ya volkeno yana potasiamu, na sehemu yake ndogo hugeuka polepole mno kuwa gesi ya agoni. Volkeno ikilipuka, joto hufukuza gesi ya zamani, saa inaanza sifuri. Wao huliyeyusha jiwe, wanapima gesi iliyojikusanya, wanajua lililipuka lini.

Louis Leakey alidhani fuvu ambalo mkewe Mary alipata Olduvai, Tanzania, mwaka wa 1959 lilikuwa la miaka kama 600,000. Mwaka wa 1961 maabara ikasema milioni 1.75. Karibu mara tatu, manze!

Lakini stori tamu ni ya hapa kwetu. Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, kuna tabaka la jivu linaloitwa KBS. Waingereza Frank Fitch na Jack Miller walipolipima mara ya kwanza walipata zaidi ya miaka milioni 200, enzi za dinosaria! Jivu lilikuwa limebebwa na maji, likachanganyika na chembe za mawe makuukuu. Wakachambua upya, na mwaka wa 1970 wakatangaza milioni 2.6.

Mwaka wa 1972 Mkenya Bernard Ngeneo akaona vipande vya fuvu 1470 chini ya jivu hilo. Richard Leakey akasema ni la jamii yetu, na lina karibu miaka milioni tatu. Ikiwa kweli, basi baadhi ya waliodhaniwa kuwa mababu zetu walikuwa rika letu tu.

Nguruwe ndio walioharibu sherehe. Meno ya nguruwe wa kale wa Koobi Fora yalifanana na ya Omo, Ethiopia, yenye miaka kama milioni mbili. Nguruwe atadanganya ili apate nini?

Mwaka wa 1975 Curtis akalipima jivu lile: sampuli moja ikatoa milioni 1.8, nyingine 1.6. Hiyo ya pili ilikuja kuonekana haikuwa sawa. Miaka ya 1980 Ian McDougall, kule Australia, akapata 1.88, na wengi wakatulia. Fuvu lenyewe liko Nairobi. Kwa kuwa lilitoka chini ya jivu, limelizidi umri.