Tatuu za Mashujaa wa Katuni: Umeshamsoma Unayemchora?

Ilikuwa Jumapili jioni, nyumbani kwa mama, Makorora, Tanga. Mdogo wangu wa kike alikuja na mchumba wake, wakakaa barazani, wakanipa simu nitazame picha. Mikono miwili imeshikana: mmoja umechorwa Joker na cheko lake jekundu, wa pili umechorwa Harley Quinn, nywele kazifunga mafungu mawili.

"Kaka, tunataka kuchora hivi kabla ya ndoa," mdogo wangu akasema. "Mimi Harley, yeye Joker. Mapenzi ya kufa na kuzikana."

"Shemeji, wewe ndiye mtu wa magazeti," mchumba akadakia. "Tupe baraka zako, halafu utusaidie kwa mama."

Mama alikuwa uani anachoma vitumbua. Hasikii, au anajifanya hasikii.

Sikuwajibu palepale, maana siyo siri, na mimi ninayo. Mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, nina S ya Superman ndani ya ngao yake. Niliichora nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwa mshkaji aliyekuwa akichorea watu chumbani kwake hosteli. Ungeniuliza siku ile kwa nini S, ningekujibu: "Si unajua, Superman, nguvu!" Basi, hapo ndipo elimu yangu ilipoishia. Na ndivyo tulivyo wengi. Tunachora kwanza, maana tunaitafuta baadaye.

Kwa hiyo mwezi huu, msomaji wangu, kama wewe na mwenzi wako mnalo wazo hilo kichwani, hebu tukae kitako kwanza.

Mwili wa Pwani uliandikwa zamani

Wapo wanaosema kuchora mwili ni mambo ya Wazungu yaliyoletwa na filamu. Si kweli. Bibi harusi wa Tanga hatolewi nje bila hina na piko, maua yakipanda kutoka vidoleni hadi karibu na viwiko. Wazee wetu wengi wana chale za dawa kifuani au mgongoni, walizochanjwa utotoni. Na mashamba ya mkonge ya mkoa huu yaliwaleta Wamakonde wengi kutoka Msumbiji enzi za ukoloni, wakaja na nembo zao usoni: mistari na pembe zilizokatwa kwa kisu kidogo, kisha zikasuguliwa kwa mkaa wa mbarika ili zikolee rangi. Kwingine mwilini walichora mamba, mjusi, hata buibui. Naam, buibui, miaka mingi kabla ya Spider-Man kuzaliwa!

Tofauti ni moja. Mwenye nembo na anayeitazama nembo walikuwa wamelelewa na hadithi ileile. Mmakonde akiona uso wa mwenzake anajua huyu ni wetu. Wewe ukichora shujaa wa Marekani ukapita nao Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, kila mtu atausoma mchoro wako kivyake. Ndiyo maana ni vizuri angalau wewe mwenyewe uwe unajua umeandika nini.

Nani ni nani

*Superman.* Alitoka mwaka 1938, kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Mwanzoni S ilikuwa herufi ya jina lake tu. Lakini katika filamu ya mwaka 1978, baba yake, Jor-El, anaonekana kaivaa S hiyohiyo kifuani. Kumbe ni nembo ya ukoo! Filamu ya mwaka 2013 ikaongeza kwamba huko kwao alama hiyo maana yake ni tumaini. Kwa hiyo anayechora S amechora ukoo na tumaini, ajue asijue.

*Batman.* Mwaka 1939, Bob Kane na Bill Finger. Mtoto aliyeona wazazi wake wakiuawa, akaugeuza uchungu wake kuwa kazi ya usiku. Wengi huchora alama ya popo peke yake, nyeusi tii, na kwa ngozi zetu hutoka vizuri. Ila kumbuka unaishi wapi. Ng'ambo ya bahari tu ni Pemba, ambako mwaka 1995 hofu ya Popobawa iliwafanya watu walale nje kwa makundi. Wewe unaona shujaa, bibi yako anaona kitu cha kusomewa dua.

*Spider-Man.* Mwaka 1962, Stan Lee na Steve Ditko. Kijana alimwacha mwizi apite kwa sababu hayamhusu, na mwizi huyohuyo akamuua ami aliyemlea. Maana yake ni wajibu: uwezo ulio nao una deni. Angalizo moja: utando wa buibui kwenye kiwiko, nchi za Magharibi, mara nyingi husomwa kama alama ya mtu aliyekaa jela. Kama una safari za kikazi, chagua mahali pengine.

*Punisher.* Lile fuvu jeupe lenye meno marefu. Alianza mwaka 1974, mtu aliyeuliwa familia yake akaamua kuua wahalifu bila mahakama. Huko Marekani fuvu hilo limebandikwa na baadhi ya askari na polisi, mpaka Gerry Conway, mmoja wa waliomuumba, akajitokeza kupinga hadharani. Huku kwetu fuvu tunalijua kutoka kwenye vibao vya HATARI vya nguzo za umeme. Sasa fikiria mkweo anakuona nalo mara ya kwanza.

*Black Panther.* Mwaka 1966, Stan Lee na Jack Kirby, kisha filamu ya mwaka 2018 aliyocheza jirani yetu Lupita Nyong'o. Mfalme Mwafrika ambaye nchi yake haikutawaliwa na mtu. Kinyago chake, au ule mkufu wa makucha, ni michoro yenye mistari minene inayokaa vizuri begani.

*Storm.* Huyu ni kwa akina dada, na nashangaa simuoni kwenye mikono yenu. Alitokea mwaka 1975 katika X-Men. Mama yake ni Mkenya, na hadithi yake inapita katika nyika za Serengeti, kabla hajaondoka kwenda kupigana upande wa wema. Jina lake Ororo. Katuni inasema maana yake ni uzuri, sisi Waswahili tunajua ororo ni laini. Laini, lakini anaita radi! Kamstari kamoja ka radi kwenye kifundo cha mkono kanatosha kusimulia yote hayo.

Sasa turudi kwa Joker na Harley

Hawa ndio mapacha wanaopendwa na wachumba, na hapa ndipo nilipomgeukia mdogo wangu.

Harley Quinn hakuanzia kitabuni. Alizaliwa mwaka 1992 kwenye katuni za Batman za televisheni. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, dada msomi mwenye kazi yake. Akapewa Joker awe mgonjwa wake. Joker akamsimulia maisha yake ya taabu, huruma ikageuka mapenzi. Akaacha kazi, jina lake na rafiki zake, kila kitu kikawa Joker. Malipo yake? Matusi, vipigo, kutumiwa, kutupwa, kisha kuitwa tena. Katika kitabu cha mwaka 1994 kiitwacho Mad Love, anamkamata Batman peke yake ili ampe mpenzi wake zawadi. Joker anakasirika kwamba amezidiwa ujanja na mwanamke, anamsukuma dirishani. Anaanguka ghorofa kadhaa, na akiwa chini pale, mifupa imevunjika, bado anajilaumu yeye.

Mdogo wangu alikuwa anatabasamu nilipoanza. Nilipofika dirishani alikuwa ameacha.

"Na mwisho wake?" akauliza.

"Alimwacha. Filamu ya mwaka 2020 inaanza wameshaachana, anajifunza kuishi bila yeye."

Alinyamaza kitambo. Dada zangu wasomaji, mnaijua hadithi hii bila hata kusoma katuni. Iko mitaani kwetu. Mwanamke mwenye shahada yake anamtetea mtu anayempiga, na anaita hayo mapenzi. Ukiwa na picha ya hao wawili mkononi, unajiwekea kipimo cha penzi lako. Sisemi kila aliyechora Joker ni mpigaji. Nasema usichore kipigo ukidhani ni busu.

Mbona hatumchori Lodi Lofa?

Mchumba akauliza swali zuri: "Kwani sisi hatuna wa kwetu?"

Tunao tele! Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Kingo wa James Gayo. Gazeti la Sani, lililoanza miaka ya 1980, lilitulea na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Kipepe. Sisi tuliokulia Tanga tuliligombania Sani, linapita nyumba kwa nyumba mpaka linachanika. Lakini kazi ya watu hao ilikuwa kutuchekesha juu yetu wenyewe. Ndumilakuwili ni mnafiki wa pande mbili, jina linajieleza. Nani atajichora unafiki kifuani? Shujaa wa Marekani anakwambia ungeweza kuwa nani. Katuni ya Kiswahili inakwambia wewe ni nani, halafu inakucheka. Binafsi naona Madenge mmoja begani, na utundu wake wote, ana ukweli zaidi ya mafuvu kumi.

Kabla sindano haijagusa ngozi

• *Kazi.* Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi na vyombo vingine vya ulinzi na usalama yamekuwa yakitaja wazi kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchorwa mwilini. Kama una ndoto ya sare, acha kabisa.

• *Dini.* Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakataza tatuu ya kudumu lakini hina wanairuhusu. Wapo Wakristo wanaotaja Walawi 19:28. Hilo ni lako na Mola wako, lakini lifikirie kabla, siyo baada.

• *Usafi.* Sindano ya kushirikiana inaweza kukupa homa ya ini ya B au C, hata Virusi vya Ukimwi. Sindano mpya ifunguliwe mbele yako, wino umiminwe kwenye kikopo kipya, mchoraji avae glavu. Ukienda kuchangia damu utaulizwa kuhusu tatuu ya karibuni, na unaweza kuambiwa usubiri miezi kadhaa.

• *Ngozi yetu.* Ngozi nyeusi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kupata makovu yanayovimba. Kama kidonda chako cha zamani kilifura, tatuu nayo inaweza kufura. Chagua mistari minene na mchoro mkubwa kiasi. Rangi ya njano na nyeupe hufifia, na sura yenye vitu vidogo vidogo baada ya miaka inakuwa doa.

• *Bahari.* Hakuna kuogelea Raskazone kwa wiki mbili tatu mpaka kidonda kipone.

• *Jaribu kwanza.* Mwambie mpaka hina akuchorele alama hiyo kwa hina ya asili, ya kahawia. Itakaa wiki moja hadi tatu, utajua kama unaipenda au ulikuwa mzuka wa siku moja. Jihadhari na piko linalochanganywa na dawa nyeusi ya nywele. Kemikali yake, PPD, inaweza kukuunguza malengelenge na kukuachia mzio wa maisha.

S yangu

Niwape siri ya mwisho. Kwa miaka mingi nilikuwa nikija nyumbani na shati la mikono mirefu. Joto la Tanga mnalijua, na mimi vifungo vyote! Baba hakuwahi kuiona tatuu yangu.

Alipofariki, niliingia na wazee kumwosha. Bila kufikiri nikakunja mikono ya shati. Mzee mmoja, rafiki wa baba tangu utoto, akaitazama ile S, akanitazama usoni. Nikajua leo nimeumbuka.

"Ni ya baba yako hii?" akauliza taratibu.

Jina la baba linaanza na S. Nilishindwa kusema ndiyo, nikashindwa kusema hapana.

"Usingechora, mwanangu," akasema. "Lakini kama ni ya baba yako, basi." Akaendelea kumimina maji.

Mzee yule hajawahi kufungua kitabu cha Superman. Nilikuja kujua baadaye kwamba S ni nembo ya ukoo, mtoto anavaa alichovaa baba yake. Aliisoma vizuri kuliko mimi niliyeibeba. Tangu siku ile sijaificha tena, na wala simshauri mtu aniige. Mimi nilibahatika tu, maana ilinikuta. Fuvu au Joker ningemwelezaje pale?

Niliwasimulia hayo wachumba wetu. Mchumba ndiye aliyevunja ukimya. "Shemeji, picha hii naifuta. Sitaki aniogope hata kwa mchoro."

Mdogo wangu akasema yeye atachora hina siku ya harusi, na ndani ya maua atamwomba mpaka hina afiche kamstari ka radi. Ka Ororo. Atakayekaona ni mumewe tu.

Hapo mama akatoka na sahani ya vitumbua, akaiweka katikati yetu. "Mmemaliza?" akauliza. "Haya kuleni, vinapoa."

Kumbe alikuwa anasikia muda wote. Tukutane mwezi ujao.