Satelaiti pacha na kilima chetu cha Funu

Tuanze na mchezo mdogo. Funga jicho moja, kisha jaribu kuingiza uzi kwenye sindano. Utahangaika. Uzi unauona, sindano unaiona, lakini haujui kipi kiko mbele. Jicho la pili ndilo linakupa umbali.

Satelaiti nazo ziko na shida hiyohiyo. Ndiyo maana Ujerumani, iliyorusha TerraSAR-X tarehe 15 Juni 2007, iliiletea pacha wake, TanDEM-X, tarehe 21 Juni 2010. Zinaruka kwenye kimo cha kilometa 514 hivi, na mara nyingi zinaachana mita mia chache tu.

Sasa, mbona hazigongani? Njia zao zimesokotana kama kamba. Karibu na ncha za dunia, moja inakuwa juu na ingine chini. Karibu na ikweta, kama hapa Bukavu, zinapita kando kwa kando, kama macho mawili kabisa.

Hazipigi picha kama simu yako. Moja inatuma mawimbi ya rada, yanapenya mawingu na kugonga mulima, na zote mbili zinapokea mwangwi. Tofauti ndogo kati ya miangwi hiyo inatoa kimo cha ardhi. Juu zinapokea kwa wakati mmoja, hakuna jani la mgomba lililotikisika katikati, wala mvua iliyobadilisha hewa. Ni hivyo Nyamulagira ilipolipuka mwaka 2011 na 2012: watafiti walilinganisha vimo vya kabla na vya baada, wakapata ujazo wa lava bila kuikanyaga.

Lakini tusichanganye mambo. Kimo ni swali moja, mwendo ni swali lingine. Kujua kama ardhi inatembea, rada lazima irudi pahali palepale mara nyingi. Hiyo ndiyo ilifanyika Funu, kule Kadutu. Watafiti wa Ubelgiji, pamoja na wenzetu wa UOB, walitumia satelaiti za Italia, COSMO-SkyMed, na picha zilizopigwa na ndege tangu 1947. Matokeo yalitoka 2022 katika Nature Geoscience: poromoko la Funu linatembea polepole, na kadiri mji ulivyojengwa juu yake, mwendo uliongezeka. Mji ulibadilisha njia za maji. Maji ya mabati na ya mabomba yanayovuja yanazama kwenye udongo.

Kwa nini nawaandikia hivi? Juu ramani ya vimo iliyotokana na wale pacha, Copernicus DEM ya mita 30, iko bure. Inafunguka kwenye QGIS, kwenye kompyuta ya kawaida. Mzazi akitaka kununua parsele, tunaweza kumuonyesha muteremko na njia ya maji kabla hajasaini. Basi, isitubakie kwenye TFC peke yake.

Ila ramani hiyo haitakuambia kama kilima kinatembea. Kwa hilo, shuka mwenyewe: angalia kuta zilizopasuka, nguzo zilizoinama, milango isiyofunga tena, na uliza wazee wa avenue. Satelaiti inaona mbali, lakini jirani ndiye anajua ufa ulianza lini.

Kwenu kuta zinasema nini?